Sikio la Koko

Juzi binti yangu alikuwa mezani akifanya kazi ya shule, ulimi umetoka kidogo kama kawaida yake akichora. Akaniambia bila kuinua kichwa kwamba kiboko ana masikio madogo ili aweze kuyafunga anapozama, maji yasimwingie. Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema mwalimu. Nikamwuliza, na mwalimu naye aliambiwa na nani? Mtoto akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu anayebishana na redio, akarudi kwenye mchoro wake. Nami nikabaki nimesimama hapo jikoni kwangu Kamenge, nusu kitunguu mkononi, nikijicheka. Nilikuwa nimesikia sauti yangu ya utotoni ikitoka kinywani mwa mama mzima.

Maana mimi, rafiki yangu, nilikulia Ruziba, katika ua ambao kiboko hakupewa masikio madogo ili yamsaidie. Aliadhibiwa.

Ruziba ya wakati ule sijui nikuelezeeje. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, bati limeshikiliwa na mawe, na ukitoka mlangoni ulipita bustani za kabichi na lengalenga ukafika ziwani. Hewa ilinuka ndagala, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikauka mchangani, moshi wa makaa, na ule ubichi wa majani ya muhogo yakitwangwa kuwa sombe. Asubuhi tulikuta nyayo za viboko katikati ya kabichi, pana kama sufuria, na wakulima wamesimama juu yake wakilaani. Mama alikuwa akipikia familia moja ya wakubwa huko Kiriri, kilimani, kwenye nyumba yenye geti na mbwa. Aliondoka kukiwa na umande, akarudi jua likielekea nyuma ya milima ya Congo. Mchana kutwa nilikuwa wa nyanya yangu.

Tulimwita Koko, kama wanavyoitwa nyanya huko ng'ambo, kwa sababu yeye na mama walitoka upande ule, Uvira, wakaja kukaa upande huu. Wanawake wa ua wetu walikuwa wakimwachia watoto wao waendapo sokoni au kungojea mitumbwi ya samaki. Tukawa kundi zima, tumekaa kwenye mkeka karibu na kinu, tunachambua maharage huku yeye akitwanga na kusimulia. Watu walimwonya kwamba hadithi za wanyama hazisimuliwi jua likiwa juu, msimuliaji ataota mkia. Koko hakujali. "Mi ni muzee," alisema. "Mukia uote tu, nitaufunika na kikwembe."

Kiboko, alituambia, zamani alikuwa na masikio mapana kama majani ya mgomba. Kazi yake ilikuwa kulala karibu na kisima akijifanya amesinzia, kumbe anasikiliza siri za wenzake, na jioni anazipeleka nyumba kwa nyumba. Pundamilia akagombana na mkewe. Swala akahama na watoto wake. Siku walipomgundua, wakamkimbiza kwa fimbo mpaka ukingoni mwa ziwa, naye akaliomba ziwa limfiche. Ziwa likamjibu: nitakuficha wewe, lakini hayo masikio yabaki nje, sitaki siri za watu humu ndani. Basi akazama, masikio yakabaki yakielea, na wanyama wakayapunguza kwa meno, kila mmoja akichukua siri yake. Ndiyo maana mpaka leo anachungulia kwa aibu.

Kambale naye ana ndevu kwa sababu alivamia uji wa arusi, akala kwa pupa wala hakunawa, uji ukamkaukia mdomoni. Fisi ameinama nyuma kwa sababu alinaswa chini ya ua akitoka na mbuzi wa mjane, na mji mzima ukamkalia mgongoni mpaka mwenye mbuzi akarudi kutoka shambani. Koko alisimulia kwa mwendo wa mchi. Palipokuwa na hatari alitwanga harakaharaka, palipokuwa na aibu akatwanga polepole, na mnyama alipokamatwa aliuacha mchi juu, nasi tukaacha kupumua.

Nilikuwa mtoto wa kushuku. Wenzangu walicheka, mimi nilifikiri. Na siku moja nikatambua jambo ambalo liliniondolea usingizi wa mchana: katika wanyama wote wa Koko, hapakuwa na hata mmoja aliyepata umbo lake kwa wema. Mwenye madoa aliiba. Asiye na mkia alimsaliti rafiki. Mwenye shingo ndefu alikuwa akichungulia ya watu. Kwa hiyo mwili, nikaona, ni ushahidi. Ukijua kusoma, kila kiumbe amebeba kosa lake hadharani.

Tukaanza kusoma watu. Mwalimu wetu alikuwa na shingo iliyolala upande mmoja, tukakubaliana kwamba alichungulia mtihani wa mwenzake zamani. Katekista alikuwa na kidole cha sita, kidogo kama punje ya hindi, na hilo lilitupa kazi ya wiki nzima. Halafu, nisingeweza kukwepa, macho yangu yakatua kwa Koko mwenyewe.

Koko alikuwa na sikio moja na nusu. Alifunga kitambaa kichwani tangu asubuhi, lakini joto la mbabula, jiko lake la makaa, lilipomshinda alikivua, na hapo tuliliona: sehemu yote ya chini haipo, na ukingo wake umenyooka kama umepitiwa na wembe.

"Koko," nikamwuliza, "na we, sikio lako lilifanya nini?"

Mchi ukasimama. Watoto wote wakaniangalia.

"Lilichelewa kurudi nyumbani," akasema, akaendelea kutwanga.

Nilipomwuliza tena, panya alikuwa amelila. Mara nyingine yeye mwenyewe alikuwa amemwazima mwanamke mmoja aliyekwenda kusikiliza kesi, na mwanamke hakurudi. Mtu aliyejua kwa nini kambale ana ndevu, alikuwa hajui kilichopata kichwa chake mwenyewe? Nikaenda kwa mama. Mama alikuwa akivua viatu, miguu imevimba kwa kushuka mlima. Akaniambia, "Usimuulize. Hata mi hakuniambiaka." Lakini alivyosema, macho yake yalikwenda jikoni, na nikaona kwamba swali hilo alikuwa amelala nalo miaka mingi kuliko mimi.

Ndipo akahamia jirani muuza sabuni. Alikata sabuni za mawese vipande vipande akavipanga kwenye beseni mbele ya mlango wake, naye pia alitoka ng'ambo, kwa hiyo mwanzoni Koko alifurahi kupata mtu wa kwao. Mwanamke yule alikuwa na neno juu ya kila mtu, na alilinong'ona hata pasipokuwa na wa kusikia. Jioni moja alimkuta mama kwenye bomba, mimi nimeshika ndoo ndogo.

"Mama, mi sipendaki maneno," akasema. "Lakini kule kwetu, mwizi banamukataka sikio. Mi nasema tu."

Mama alifunga bomba. Alijitwika ndoo, maji yakamwagika begani. Nilikuwa nyuma yake. Neno mwizi lilitembea katikati yetu kama mtu wa tatu.

Haikupita muda mrefu kikwembe cha muuza sabuni kikapotea kwenye kamba. Kilikuwa kitenge chake cha arusi, cha bluu chenye ndege, na alikilia kama anayelia maiti. Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja. Kesho yake mama mmoja alisema mtoto wake ana kikohozi, abaki ndani. Wa pili alisema shangazi amekuja, atamwangalia yeye. Hakuna aliyesema kwa nini, na wote walisema kwa sauti tamu mno. Koko alikuwa amechoma mahindi ya kundi zima. Alikaa nayo mbele yake mpaka yakapoa, akanipa moja, mengine akayapukuchua akawatupia kuku.

Usidhani mimi nilimtetea. Nilikuwa mwanafunzi wake. Alinifundisha mwenyewe kwamba hakuna umbo bila sababu, nami nikamfanyia alivyonifundisha. Nilimwangalia akikunja nguo, nikamfuata alipokwenda nyuma ya nyumba, nikasikiliza jinsi anavyofunga mzigo wake kwa kamba na kuusukuma chini ya kitanda. Nilimpenda na nilimshuku, vyote kwa siku moja, mara nyingine kwa kijiko kimoja cha maharage. Kanisani wanawake walisogea kidogo kwenye benchi, wakaacha nafasi ambayo mtu mwingine angeweza kukaa. Koko aliimba kama kawaida. Nyumbani hakusimulia tena. Kinu kilifanya kazi yake, kikanyamaza.

Mama alivumilia mpaka Jumapili moja. Tulikuwa tumetoka misa, hata nguo hajabadili. Aliinama akauvuta mzigo wa Koko kutoka chini ya kitanda, akautoa mpaka uani, kwenye mwanga.

"Mama," akamwambia mama yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, "fungua niwaonyeshe bote kama hakuna kitu."

"Fungua we," Koko akasema. "Hakuna kufuli pale. Ni kamba tu."

Upande wa pili wa ua wa matete, muuza sabuni alikuwa akikung'uta mkeka ambao haukuwa na vumbi. Mama akapiga magoti akafungua. Ndani mlikuwa na rozari, blauzi ya zamani, tumbaku katika kitambaa, kofia ndogo ya kufumwa ya mtoto mchanga. Ndege wa bluu hawakuwemo. Chini kabisa mlikuwa na hereni moja ya shaba, nzito, nyeusi kwa uzee. Mama akaishika akaigeuzageuza. Nilijua anatafuta ya pili, kwa sababu mimi pia nilikuwa naitafuta.

Hapo ndipo tuliposikia "Hodi!" Alikuwa rafiki wa Koko wa tangu usichana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali, aliyevuka mpaka mara chache na mzigo wa unga wa muhogo kutusalimia. Alimkuta mama amepiga magoti kwenye nguo, Koko amesimama mikono nyuma. Akauliza kuna nini. Muuza sabuni ndiye aliyejibu, kutoka kwake, kwa upole kabisa: kikwembe kimepotea, na kila mutu anajua kule kwetu sikio linakatwaka kwa nini.

Mgeni akautua unga chini. Hakumwangalia jirani hata kidogo. Alimwangalia mama.

"Ule sikio, mwanangu, ni we ulilipasula," akasema. "We mwenyewe, na kale kamukono."

"Nyamaza," Koko akasema.

"Apana. Leo sinyamaze."

Akasimulia akiwa amesimama. Mwaka wa vita vya zamani, walikuwa wakikimbia kundi moja la wanawake, wakajificha kwenye matete ya mto Ruzizi, maji magotini. Mama alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa Koko. Askari wakapita karibu, wakizungumza, mtu angeweza kunusa sigara zao. Na mtoto, kwa kuogopa au kwa kucheza tu, akashika hereni ya mama yake akaivuta, akaing'ang'ania kwa uzito wake wote, mpaka nyama ikaachia na hereni ikaangukia majini. Koko akauma kitambaa. Hakutoa sauti. Damu ikamshuka shingoni, na mtoto akaichezea kwa vidole mpaka askari wakaisha kupita.

"Kama angelia," akasema mgeni, "leo hauna kinywa ya kumuulizia mizigo. Nikamwambia siku moja utamwambia mutoto. Akanikataza. Akasema apana, asikue akiogopa mikono yake."

Koko akamtazama rafiki yake kwa jicho ambalo sikulielewa. "Nilikukataza," akasema tu. Kisha akaingia jikoni, na tukasikia mchi. Kinu hakikuwa na kitu. Alitwanga kinu kitupu, kavu, mti kwa mti.

Mama alibaki chini, hereni ndani ya ngumi. Alifungua mkono akauangalia, akaufunga tena. Halafu akainuka akamfuata. Nilichungulia mlangoni. Alikuwa ameushika mchi ule ule, juu ya mikono ya mama yake, na wote wawili wakautwanga ule utupu, wakiinua pamoja, wakishusha pamoja, bila mmoja kumwangalia mwenzake. Sijawahi kuona watu wawili wakilia kwa utaratibu namna ile.

Kitenge kilionekana baadaye, kwenye ubatizo huku Kamenge, mwilini mwa mdogo wake muuza sabuni, aliyekiazima bila kuaga na hakuona kosa lolote. Habari ilifika Ruziba kabla ya keki kukatwa. Hakuna aliyeomba msamaha. Watoto wakapona kikohozi siku moja, shangazi wakaondoka. Muuza sabuni alikuja na mche mzima wa sabuni akauweka dirishani, akasema, "Mama, hii ni ya kufulia," akaondoka haraka. Nilimwambia Koko asiiguse. Akasema sabuni haina kosa, akanifulia nayo sare ya shule.

Kinu kikarudi kusema. Nilimngojea mpaka tukawa wawili, nikamwuliza kwa nini hakuna mnyama aliyepata umbo lake kwa kutenda mema. Alifikiri kwa mapigo kadhaa ya mchi.

"Beko," akasema, yaani wapo. "Lakini benye wema habasimuliaka. Sasa mi ningejuliaka wapi?"

Hapo ingefaa niishie, na mama huwa anaishia hapo. Lakini nilikuambia nilikuwa mtoto wa kushuku. Jumapili ile ile, mama alipokwenda ziwani kuosha uso, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni nikifukuza kuku. Ndani walikuwa wale wazee wawili peke yao. Nikasikia kicheko, kile cha chinichini cha watu wanaozuia tumbo, kisha sauti ya Koko: "We nawe! Mpaka matete!" Wakacheka mpaka mgeni akakohoa, akaomba maji.

Nimelibeba neno hilo utu uzima wangu wote. Labda walicheka kwa sababu waliyaona tena yale matete, wakajikuta wako hai na wamezeeka. Waliookoka hucheka hivyo, nimewaona. Lakini labda rafiki alifika, akakuta mwenzake anavuliwa heshima uani, akafanya alichojua kufanya: akasimulia haraka jinsi kiumbe alivyopata umbo lake, na kwa mara ya kwanza akamfanya kiumbe huyo kuwa mwema. Nilipozaa, binti yangu akiwa bado wa kunyonya alishika hereni yangu siku moja akaivuta, maumivu yakanifika magotini, nikaamini kila kitu. Niliamini vizuri kwa muda. Kisha nikakumbuka ule ukingo ulionyooka. Nyama ikichanika haiachi mstari namna ile. Nikakumbuka pia kwamba sikuwahi kusikia Koko akisema ndiyo. Alisema "nilikukataza" tu, na mtu anaweza kukataza ukweli, na anaweza kukataza uongo.

Koko alifariki nikiwa sekondari. Rafiki yake hakukawia kumfuata, kule ng'ambo, na tulisikia habari baada ya mazishi. Muuza sabuni alihama, wakasema amekwenda kuishi na wanawe, kisha wakasema hayupo tena. Sombe siku hizi nainunua sokoni ikiwa imeshasagwa na mashine, laini kama dawa ya meno, haina mwendo wowote wa kusimulia kwa kuufuata. Na ziwa, miaka hii lilipopanda, lilichukua kwanza kabichi, kisha choo, kisha ua. Nilimpeleka mama aone. Tulisimama kwenye tope, maji yamekaa jikoni kwa utulivu kama mwenye nyumba.

Mama akaanza kusimulia, kama anavyomsimulia kila mtu sasa, wakwe, majirani, wauguzi wanaompima presha. Hadithi imekua. Ina mvua sasa, na mbwa wa askari, na askari mmoja aliyegeuka akatazama matete moja kwa moja. Anaposimulia hujishika sikio, bila kujua. Sikumkatiza. Ningemwuliza nani? Katika wote waliokuwa uani siku ile tumebaki wawili tu, na mama anaamini.